Pimeni Oili, Mashine ya Kikundi Isife

Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya upande wa Kitale na wa Bungoma. Wengi waliomba yaandikwe ili yasomwe vikundini. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, na mwishoni tumeweka hesabu za kufanya pamoja.

Leo hatukuja kuwaambia mnunue mashine mpya. Tumekuja kuzungumza juu ya zile mlizo nazo tayari, jinsi zinavyokufa mapema na jinsi ya kuzizuia zisife.

Katika vikundi vingi kuna mashine moja ambayo wote wameichangia. Wengine wana msumeno wa petroli, ule tunaouita pawasoo, wa kupasulia mbao na kukatia mikaratusi. Wakulima wa kahawa kule Kimilili, Chwele na miteremko ya Mlima Elgon, na wa nyanya huku Trans Nzoia, wengine wana bomba la mgongoni lenye injini. Wengine wana pampu ndogo ya kuvuta maji mtoni. Mashine hizi ni ndogo, lakini kwa kikundi ni mali kubwa. Watu wameweka shilingi kidogo kidogo miezi mingi, wengine wakauza kuku, ndipo ikanunuliwa.

Halafu siku moja injini inalia vibaya, inapoteza nguvu, inasimama. Ukivuta kamba haivutiki. Fundi anaifungua, anatikisa kichwa, anasema, "Hii imenoki." Pistoni imekwaruzwa na imeshikana na silinda. Kutengeneza kunaweza kukaribia bei ya mashine nyingine.

Na jamani, mashine ikifa hivyo, mara nyingi haifi peke yake. Maneno yanaanza. Nani aliitumia mwisho? Nani alinunua petroli? Kijana anashukiwa kuwa ameuza oili. Mwenyekiti analaumiwa kwamba alinunua mashine mbovu. Wanachama wawili watatu wanaacha kuchanga. Kikundi kilichovumilia njaa na ukame kinavunjika kwa sababu ya oili ambayo ingejaa kikombe cha chai. Ndiyo maana tunaona hesabu hii ni ya kila mwanachama. Si ya fundi peke yake.

KWANZA, NENO "MAFUTA"

Hebu tuanze na neno lenyewe. Sisi kwa lugha yetu tunaita vitu vingi mafuta. Ya kupikia ni mafuta. Ya taa ni mafuta. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na ile nzito ya kulainisha injini nayo ni mafuta. Sasa mzee akimwambia kijana, "Tia mafuta kwa mashine," kijana atatia nini? Atatia petroli tupu, na hana kosa, kwa maana ametia mafuta.

Kwa hivyo tuliomba kila kikundi kikubaliane jambo moja. Tukizungumza juu ya mashine tusiseme mafuta. Tuseme petroli, au tuseme oili. Zikishachanganywa tuseme mchanganyiko. Maneno matatu tu, na kila mtu ajue tofauti yake.

KWA NINI INJINI NYINGINE ZINACHANGANYIWA NA NYINGINE HAPANA?

Kuna injini za aina mbili. Ya kwanza ni ya mapigo manne, ambayo mafundi wanaiita fostroki. Pikipiki nyingi za boda boda tunazoziona leo ni za aina hii, na pia pampu nyingi za maji za inchi 2 na inchi 3. Injini hii ina oili yake tumboni, imekaa chini kama maji ndani ya chungu. Ina mahali pa kumiminia oili na kijiti cha kupimia. Petroli inakaa peke yake kwa tangi. Hii usiichanganyie.

Ya pili ni ya mapigo mawili, yaani tustroki. Hapa tumbo la injini lina kazi nyingine. Hewa na petroli hupitia humo kwanza, ndipo zinasukumwa kuingia silinda. Huwezi kuacha oili imekaa humo, maana itasombwa. Kwa hivyo oili inasafiri pamoja na petroli. Inapopita inalainisha beringi, pistoni na ukuta wa silinda, kisha inaungua na kutoka na moshi. Ndiyo sababu pawasoo inaweza kukata ikiwa imelazwa ubavu au imepinduliwa, na bado inapata oili.

Pawasoo ikikata kwa nguvu inaweza kuzunguka mara 12,000 kwa dakika moja. Gawanyeni kwa 60: ni mara 200 kwa kila sekunde. Chuma kinasugua chuma mara 200 kabla hujamaliza kusema "moja". Oili isipokuwapo, kinachofuata ni joto, na joto linavimbisha pistoni mpaka inashikana na silinda. Haihitaji wiki. Tangi moja la petroli tupu linaweza kutosha kuimaliza.

Mama mmoja aliuliza swali zuri: "Lakini pawasoo ina vifuniko viwili. Si kimoja ni cha oili?" Ndiyo mama, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kifuniko kimoja ni cha tangi la mchanganyiko. Cha pili ni cha oili ya mnyororo, ambayo inalainisha mnyororo na ubao wake tu. Haiingii kwa injini hata tone. Mtu anaweza kujaza oili ya mnyororo mpaka juu, na injini bado ikafa kwa kukosa oili.

KUSOMA NAMBA: MOJA KWA HAMSINI

Kwa kitabu cha mashine, na wakati mwingine kwa kifuniko cha tangi, mtaona namba kama 1:50 au 1:25. Tunasoma hivi: moja kwa hamsini, moja kwa ishirini na tano.

Nyinyi hesabu hii mnaijua tayari. Mlipojenga tangi la shule, fundi aliwaambia simiti ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Hakuna aliyeuliza ndoo ni ya kilo ngapi. Ilitosha kwamba ndoo ni ile ile. Hapa pia ni hivyo. 1:50 maana yake ni kipimo kimoja cha oili kwa vipimo hamsini vya petroli, kwa chombo kile kile. Chupa moja ya oili ya lita 1 inatumika kwa petroli lita 50. Kwa 1:25, chupa ile ile inatumika kwa petroli lita 25.

Sasa angalieni jambo linalowashangaza wengi. Namba ikiwa kubwa, oili ni kidogo. 1:25 ina oili mara mbili ya 1:50. Mtu anayesema, "Nitaweka ya hamsini ili oili iwe nyingi," amegeuza maneno.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba 1:50 ni mililita 50 kwa lita moja, na 1:25 ni mililita 25 kwa lita moja. Sivyo. Lita moja ina mililita 1,000. Gawanya 1,000 kwa ile namba kubwa, utapata mililita za oili kwa kila lita ya petroli:

1:20 ni mililita 50 kwa lita moja.
1:25 ni mililita 40 kwa lita moja.
1:33 ni mililita 30 hivi kwa lita moja.
1:40 ni mililita 25 kwa lita moja.
1:50 ni mililita 20 kwa lita moja.

Mnaona? Aliyeweka mililita 25 akidhani ni 1:25 ameweka 1:40. Mashine iliyotaka 40 imepata 25. Imepunjwa zaidi ya thuluthi moja ya oili yake, na mwenyewe anaapa kwamba amepima.

Ukishajua mililita za lita moja, zidisha kwa lita ulizo nazo. Jerikeni la lita 5 kwa 1:50 ni 20 mara 5, yaani mililita 100. Kwa 1:25 ni 40 mara 5, yaani mililita 200. Mtungi wa lita 20 kwa 1:50 ni mililita 400. Anayechanganya dawa ya kupe kwa mtungi wa lita 20 akanyunyizia ng'ombe anafanya hesabu hii kila wiki. Ni ile ile.

TUSHIKE NAMBA GANI?

Tushike ya kitabu cha mashine yenyewe. Si ya jirani. Vitabu vingi vya pawasoo za STIHL vimeandika 1:50 ukitumia oili yao, na 1:25 ukitumia oili nyingine ya tustroki. Vya Husqvarna vimeandika 1:50 kwa oili yao na 1:33 kwa nyingine. Kwa hivyo msumeno ule ule unaweza kuwa na namba mbili, kulingana na oili mliyonunua. Kikundi kikibadilisha oili kwa sababu ya bei, ni lazima kiulize kama namba nayo imebadilika. Tena vitabu vingine vinataka oili zaidi wakati mashine ni mpya. Kitabu kikipotea, rudini kwa duka lililowauzia au kwa wakala wa kampuni ile, mwulize, muandike jibu.

Wengine husema, "Tuzidishe tu oili, tuwe salama." Ni kweli kwamba oili ikizidi kidogo mashine haifi kama ikipungua. Lakini ikizidi sana moshi unakuwa mwingi, masizi yanaziba njia ya moshi, plagi inalowa, na mashine inakuwa nzito kuwaka. Halafu mnalipa oili inayotoka kama moshi. Kupima ni rahisi kuliko kubahatisha.

OILI GANI?

Nunueni oili iliyoandikwa 2T, maana yake ni ya injini za mapigo mawili. Imetengenezwa iungue pamoja na petroli bila kuacha uchafu mwingi. Oili ya gari, ya trekta au ya boda boda haikutengenezwa kuungua hivyo. Na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa gari ina unga wa chuma na masizi. Kuitia kwa mashine ni kama kutia mchanga kwa unga wa ugali. Nunueni chupa iliyofungwa, yenye jina na maandishi, hata kama ni ndogo.

Mzee mmoja alituuliza juu ya mbarika, ile inayoota kandokando ya ua. Alikuwa amesikia kwamba mafuta ya mbegu zake yaliwahi kutumika kwa injini. Ni kweli, mzee. Injini za ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Hata leo watu wanaorusha ndege ndogo za mfano katika nchi nyingi hutumia injini ndogo inayowaka kwa pombe ya viwandani iitwayo methanoli, na kwa nyingi humo kuna mafuta ya mbarika. Lakini mafuta hayo huyeyuka vizuri ndani ya pombe, na ndani ya petroli hayayeyuki vizuri. Kwa hivyo msiyatie kwa pawasoo.

Watu hao wa ndege ndogo wanatufundisha jambo moja la hesabu. Wao husema asilimia: mchanganyiko wao mara nyingi una oili kama asilimia 20 ya chupa nzima. Katika lita moja iliyokamilika, oili ni mililita 200 na vilivyobaki ni mililita 800. Hiyo ni 1:4, si 1:5. Akitia mililita 200 juu ya lita nzima, atapata mililita 1,200 na oili itakuwa chini ya asilimia 17. Kwetu, kwa 1:50, tofauti kati ya kuhesabu kwa petroli peke yake na kuhesabu kwa mchanganyiko mzima ni ndogo sana, haidhuru. Lakini oili inapokuwa nyingi tofauti inakuwa kubwa. Kwa hivyo siku zote ulizeni: namba hii inahesabiwa juu ya nini?

KUPIMA KWA VYOMBO TULIVYO NAVYO

"Tutapima na nini?" waliuliza vijana. Kifuniko cha chupa si kipimo, maana vifuniko havilingani. Kijiko cha jikoni pia hakilingani na cha jirani. Jicho nalo hudanganya, hasa jioni.

Nendeni duka la dawa za mifugo mkanunue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Ni la bei ndogo. Kwa 1:50, bomba moja lililojaa ni la lita moja ya petroli. Kwa 1:25, mabomba mawili kwa lita moja. Hata asiyejua kugawanya atahesabu mabomba. Liandikeni "OILI" kwa rangi, na lisirudi tena kwa ng'ombe wala kwa mtoto.

Sasa kuna shida ya petroli. Wengi wetu hatununui lita, tunanunua shilingi. Tunasema, "Weka ya 500." Lita ni ngapi? Angalieni namba ya lita kwa mashine ya kituo, muiandike. Kama hamkuiona, gawanyeni pesa kwa bei ya lita. Tuseme kwa urahisi bei ni shilingi 200. Shilingi 500 ni lita 2 na nusu. Kwa 1:50 oili ni mililita 50. Bei inabadilika, kwa hivyo oili ya "petroli ya 500" nayo inabadilika. Aliyezoea kutia mabomba matatu kwa petroli ya 500 tangu zamani hajui leo anatia namba gani.

Petroli ya chupa ya kando ya barabara ina shida mbili. Chupa huenda isijae lita, na petroli huenda imetiwa mafuta taa. Mchezo huo ulienea Kenya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuchanganya kusilete faida. Mafuta taa si oili. Hayawezi kushika nafasi ya oili ya 2T. Mkiweza, nunueni kituoni.

KUCHANGANYA, HATUA KWA HATUA

Chukueni jerikeni safi, kavu, lililotengwa kwa kazi hii tu. Nendeni nje, mbali na jiko, taa, sigara na watoto. Tieni nusu ya petroli. Tieni oili yote mliyoipima. Fungeni, tikiseni vizuri. Ongezeni petroli iliyobaki, fungeni, tikiseni tena. Kila mara kabla ya kumimina kwa mashine, tikiseni jerikeni. Mashine iwe imezimwa na imepoa, na mkiwasha msiwashie pale pale mlipomiminia.

Msinyonye petroli kwa mpira na mdomo. Tumeona wengi wakifanya hivyo. Petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Na msiweke mchanganyiko kwa chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi, anaona soda.

Changanyeni ya kutumia karibuni, isikae zaidi ya mwezi mmoja. Na kwa jerikeni andikeni kwa rangi isiyofutika: MCHANGANYIKO, namba yake, na tarehe. Kikundi chenye mashine mbili za namba tofauti kiwe na majerikeni mawili.

TUKISAHAU AU TUKIKOSEA, TUTAREKEBISHAJE?

Mkikuta jerikeni na hamjui kama lina oili, dondosheni tone moja kwa karatasi nyeupe, mwache likauke. Petroli tupu itapotea. Yenye oili itaacha doa la mafuta. Lakini doa linasema oili ipo, halisemi ni kiasi gani. Kama hakuna anayejua namba, msitie kwa mashine.

Kama namba inajulikana, kurekebisha ni rahisi. Kumebaki lita 2 zilizochanganywa sawasawa, mkaongeza lita 3 za petroli mpya? Pimeni oili ya lita 3 tu. Mna lita 4 za 1:50, na bomba la kahawa linataka 1:25? Petroli hiyo ilipewa mililita 80 na inataka 160. Ongezeni 80. Mna lita 4 za 1:25 na pawasoo inataka 1:50? Oili haiwezi kutolewa, lakini petroli inaweza kuongezwa. Ongezeni lita 4.

KAZI YA MWEKA HAZINA

Jambo la mwisho ndilo tunaloliona kuwa kubwa. Mweka hazina, hata kama hajawahi kuvuta kamba ya mashine, anaweza kujua kama mashine iko hatarini. Atajuaje? Kwa daftari lake.

Chukueni risiti za miezi miwili. Jumlisheni lita zote za petroli ya pawasoo. Tuseme ni lita 100, na mashine ni ya 1:50. Oili ya 2T iliyotumika inapaswa kuwa lita 2. Kama daftari linaonyesha chupa moja tu ya lita, kuna petroli lita 50 zilizoingia bila oili, au oili imepunguzwa kila siku, au kuna oili imekwenda nyumbani kwa mtu. Lolote liwe, mmelijua kabla injini haijanoki, na mnaweza kuulizana kwa upole. Kama zimetumika chupa nne, basi mnachoma pesa.

Kwa hivyo tunashauri kila kikundi kiteue watu wawili wa kuchanganya, wala si kila mtu. Waandike kila mara: tarehe, lita za petroli, mililita za oili, jina. Mstari mmoja tu. Mashine ikisumbua, badala ya kushukiana mtafungua daftari. Daftari linamtetea kijana aliyefanya kazi yake vizuri, na hilo ni muhimu sawa na kumkamata aliyeiharibu.

HESABU ZA KUFANYA PAMOJA KIKUNDINI

Mwenye kusoma awasomee wengine. Kila mtu ajaribu kabla ya kuangalia majibu.

1. Bomba la mgongoni linataka 1:25. Mna petroli lita 3. Oili ni mililita ngapi, na ni mabomba mangapi ya sindano ya mililita 20?

2. Mmenunua petroli ya shilingi 900, bei ni shilingi 180 kwa lita. Pawasoo inataka 1:50. Oili ni kiasi gani?

3. Kijana ameweka mililita 25 kwa kila lita akidhani ni 1:25. Jerikeni lina petroli lita 4 na mashine haijawashwa. Mtaongeza nini?

4. Daftari linaonyesha petroli lita 75 na oili 2T lita 3. Mmekuwa mkichanganya namba gani?

5. Katika kikundi chetu, leo, nani anajua namba ya mashine yetu? Imeandikwa wapi?

Majibu: (1) Mililita 120, mabomba sita. (2) Lita 5, kwa hivyo mililita 100. (3) Ilitakiwa 160, imetiwa 100, ongezeni mililita 60. (4) 75 gawanya kwa 3 ni 25, yaani 1:25. (5) Jibu hili mnalo nyinyi wenyewe. Kama hakuna aliyelijua, mashine isiwashwe kesho mpaka lipatikane.